Kidonge cha Rangi ya Karoti

Wanangu, hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina wanaume 29,133 wa Ufini, nchi ya baridi kali huko kaskazini mwa Ulaya. Umri wao ulikuwa kati ya miaka 50 na 69, na wote walikuwa wavuta sigara. Kuanzia mwaka 1985 wanaume hao walianza kumeza vidonge kila siku. Vidonge vya kundi la kwanza vilikuwa na betakarotini, ile rangi ya chungwa iliyomo kwenye karoti. Vya kundi la pili vilikuwa na vitamini E. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na kundi la nne lilimeza vidonge visivyo na kitu. Nani aingie kundi gani iliamuliwa kwa kura, na hakuna aliyejua amepewa nini, si mmezaji, si daktari wake. Waliobuni jaribio hilo walikuwa na matumaini kwamba baada ya miaka michache wangeitangazia dunia habari njema.

Habari zilitoka Aprili 1994, nazo zilikuwa mbaya. Lakini msinikimbize. Sitawaambia zilikuwa habari gani mpaka mjue kwanza ilikuwaje watu wenye akili zao, wenye shahada zao ukutani, wakafikiri kwamba rangi ya karoti ingeweza kumwokoa mvuta sigara.

Mzazi yeyote humsukumia mtoto mboga za majani. Kwa miaka mingi sayansi nayo ilikuwa upande wa wazazi. Katika miaka ya 1970 na 1980 watafiti wa nchi mbalimbali walikuwa wakikutana na jambo lilelile: wagonjwa wa saratani, wakiulizwa walivyokuwa wakila zamani, walitaja mboga na matunda machache kuliko watu wazima wa afya. Mwaka 1992 mtafiti Gladys Block na wenzake waliokota tafiti zipatazo 200 na kuziweka pamoja. Katika 156 walizoweza kuzilinganisha, 128 zilisema walaji wa mboga na matunda wanapata saratani kidogo kuliko wasiokula. Mia moja ishirini na nane! Nani angebisha? Tayari Wamarekani walikuwa wameanza kampeni ya kuhimiza kila mtu ale mboga na matunda mara tano kwa siku. Na mwaka 1997 taarifa nene ya Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani iliandika kwamba, kwa saratani za kinywa, umio, tumbo na mapafu, ushahidi wa faida ya mboga unatosha kumshawishi mtu.

Sasa ngojeni tuangalie ushahidi huo ulipatikanaje, maana hapa ndipo penye utamu.

Nyingi kati ya tafiti hizo zilifanywa hivi. Mtafiti anakwenda hospitali, anakaa kando ya kitanda cha mgonjwa wa saratani ya tumbo, anamwuliza: miaka kumi iliyopita, kabeji ulikula mara ngapi kwa wiki? Karoti je? Mchicha? Anaandika. Kisha anatafuta mtu asiye mgonjwa, wa rika lile na jinsia ile, anamwuliza maswali yaleyale. Mwisho analinganisha.

Hebu jaribuni ninyi. Februari ya mwaka jana mlikula matembele mara ngapi? Nyamazeni kidogo, fikirini. Mnaona? Hamjui. Mimi pia sijui, na matembele nayapenda. Basi mgonjwa naye hajui, ila yeye ana jambo la ziada: anaumwa, na usiku akiwa macho anajiuliza amekosea wapi. Amesikia redioni kwamba mboga huzuia saratani. Anakumbuka nyama choma, anakumbuka bia, mboga hazikumbuki. Wala hadanganyi. Ndivyo kumbukumbu zetu zilivyo, hufuata mahali moyo unapouma. Tena saratani ya tumbo huanza kumnyima mtu hamu ya chakula muda mrefu kabla daktari hajaiona, kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba aliacha mboga kwa sababu alikuwa ameanza kuugua, na si kwamba aliugua kwa kuacha mboga.

Na yule mzima aliyekubali kuketi na kujibu maswali saa nzima ni nani? Mara nyingi ni mtu apendaye mambo ya afya, anayetembea asubuhi, asiyevuta. Mlevi wa mtaani hakufungua mlango. Hapo tofauti ya mboga inaweza kujitokeza hata kama mboga zenyewe hazikufanya lolote.

Kasoro hizi zilijulikana. Msidhani watafiti wa zamani walikuwa wajinga. Mwaka 1981 Waingereza wawili mashuhuri, Richard Peto na Richard Doll, pamoja na wenzao wawili, waliandika makala katika jarida la Nature wakiuliza iwapo betakarotini ingeweza kupunguza saratani kwa binadamu. Waliuliza, hawakudai. Doll huyo ndiye ambaye mwaka 1950, akiwa na Austin Bradford Hill, aliionyesha Uingereza kwamba sigara na saratani ya mapafu vinakwenda pamoja, kwa hiyo alijua uzito wa kusema neno kabla ya wakati. Ushauri wao ulikuwa kwamba jambo hili lijaribiwe kwa watu, kwa kura.

Kwa nini betakarotini, wakati karoti moja ina mamia ya kemikali? Wazia timu ya mpira inayoshinda kila Jumamosi, ambayo mchezaji mmoja tu ndiye amevaa jezi ya rangi ya chungwa. Mtazamaji aliye mbali atasema ushindi ni wake, kwa kuwa ndiye anayemwona. Betakarotini ilikuwa na jezi hiyo. Ingeweza kupimwa katika damu, na kila walipoipima, waliokuwa nayo nyingi walionekana kuugua kidogo. Tena ilitengenezeka kiwandani kwa urahisi, ikatiwa kwenye kidonge. Mchicha hautiwi kwenye kidonge.

Haya, turudi Ufini.

Baada ya miaka kati ya mitano na minane, wanaume 876 walikuwa wamepata saratani ya mapafu. Nusu ya washiriki wote walikuwa wamemeza betakarotini na nusu hawakuimeza, kwa hiyo kama kidonge hakina kazi, ungetegemea wagonjwa wagawanyike karibu sawasawa. Kama kinaokoa, wamezaji wawe wachache. Hesabu ilipofanyika, waliomeza walikuwa 474 na wasiomeza 402. Kidonge cha kuzuia saratani kilikuwa kimeiongeza kwa asilimia 18.

Najua mmoja wenu anataka kusema: labda ni bahati tu. Umeuliza vizuri, na wao walijiuliza hivyohivyo. Jaribio moja, hata likiwa kubwa namna gani, linaweza kuteleza. Ila wakati huo Marekani kulikuwa na jaribio jingine likiendelea, likiitwa CARET, lenye watu 18,314, wavuta sigara, walioacha karibuni, na wanaume waliofanya kazi kwenye vumbi la asbesto. Nusu yao walikuwa wakimeza betakarotini pamoja na vitamini A. Januari 1996 wasimamizi walilisimamisha miezi 21 kabla ya muda wake. Kwa waliomeza, saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28 na vifo kwa asilimia 17. Nchi nyingine, watu wengine, jibu lilelile. Bahati haina kawaida ya kupiga mara mbili mahali pamoja kwa nguvu namna hiyo.

Kulikuwa na jaribio la tatu, la madaktari wanaume 22,071 wa Marekani, wengi wao si wavutaji, waliomeza betakarotini au kidonge kitupu kwa miaka kama 12. Hao hawakudhurika, na hawakufaidika. Upande wa betakarotini ulipata wagonjwa wa saratani 1,273, upande wa kidonge kitupu 1,293. Kwa watu elfu ishirini na mbili, tofauti ya ishirini si kitu.

Kwa nini kidonge kiliwadhuru wavutaji? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba betakarotini nyingi kupita kiasi, ikikutana na moshi ndani ya mapafu, hubadilika kuwa vitu vinavyosumbua chembe hai badala ya kuzilinda. Sitawachosha na kemia. Kumbukeni tu kwamba dozi ya kidonge ilikuwa mara kadhaa ya ile ambayo mtu huipata katika chakula, na hakuna jaribio lililoonyesha kwamba karoti za sahanini zimemdhuru mvutaji.

Jambo ninalotaka mlishike ni jingine, na kwangu ndilo la ajabu kuliko yote. Kabla ya kuanza vidonge, wale Wafini walipimwa damu na kuulizwa wanavyokula. Miaka ilipopita, watafiti waliwaangalia waliomeza vidonge vitupu peke yao, yaani wale ambao hawakuguswa na kitu. Miongoni mwao, waliokuwa na betakarotini nyingi katika damu na katika chakula tangu mwanzo walipata saratani ya mapafu kidogo kuliko wenzao.

Someni tena polepole. Wanaume walewale, nchi ileile, miaka ileile. Ukiwatazama tu walivyokula wenyewe, betakarotini inaonekana kuwa mlinzi. Ukiigawa kwa kura, inakuwa mdhuru. Zile tafiti 128 hazikuwa zimeona uongo. Watafiti waliziona nambari za kweli, wakampa sifa asiyestahili.

Anayestahili ni nani basi? Huenda ni kitu kingine kilichomo kwenye mboga. Huenda pia si mboga kabisa. Mfini anayekula saladi kila siku si sawa na Mfini asiyekula, ukiacha saladi yenyewe. Huenda anavuta sigara kumi badala ya thelathini, hanywi sana, ana mshahara mzuri, ana mke anayemfokea aende kwa daktari. Watafiti hujaribu kuyaondoa mambo haya kwa hesabu, lakini huwezi kuondoa usichokiuliza, na hata ulichokiuliza watu hukujibu nusunusu. Mtu anayevuta pakiti moja na nusu huandika moja.

Kasoro ya kumbukumbu, hata hivyo, ina njia ya kuikwepa: kuwauliza watu wakiwa wazima, kisha kungoja. Kazi hii inataka subira ya mvuvi. Katika nchi 10 za Ulaya, kati ya 1992 na 2000, watu karibu nusu milioni waliandikishwa kwenye utafiti uitwao EPIC. Waliulizwa wanakula nini kabla ya yeyote kujua nani atakayeugua, hivyo majuto ya kitandani hayakuingia. Ilipofika 2010 taarifa ilitoka. Zaidi ya watu 30,000 miongoni mwao walikuwa wamepata saratani ya aina moja au nyingine. Na mboga je? Mtu anayekula gramu 200 zaidi za mboga na matunda kila siku, ambayo ni bakuli zima, alikuwa na hatari pungufu kwa asilimia 3 au 4.

Tatu au nne. Zile tafiti za kitandani zilikuwa zimetuzoesha kusikia kwamba hatari inapungua kwa nusu.

Hata hiyo tatu si ya kushangilia haraka. Mvuta sigara ana hatari ya saratani ya mapafu mara 15 hadi 30 ya asiyevuta. Penye kitu kizito namna hiyo, kosa dogo la kuuliza watu wanavuta kiasi gani linatosha kuzaa asilimia tatu za bandia. Mimi binafsi nadhani kuna faida ndogo ya kweli, hasa kwa saratani za kinywa, koo na umio, lakini nisingeweka shamba rehani kwa ajili yake. Wale wa Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani walipoandika taarifa mpya mwaka 2007, nao walishusha sauti: kwa mboga, hakuna saratani iliyobaki kwenye daraja la juu la ushahidi, na zile za kinywa, umio na tumbo zikawekwa kwenye daraja la “yaelekea”. Kubadili neno hadharani si jambo jepesi kwa shirika lolote, nami nawaheshimu kwa hilo.

Mtaniuliza: kwa nini wasipige kura kwa mboga zenyewe, wakaachana na vidonge? Shida ni kwamba mchicha bandia haupo. Ukimpa mtu kisamvu atajua amepewa kisamvu. Tena saratani huchukua miaka ishirini, thelathini kukomaa, na nani atakula unavyomwagiza kwa miaka thelathini? Ila wapo waliothubutu. Nchini Marekani wanawake 3,088 waliokuwa wametibiwa saratani ya matiti waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa vitabu vya ushauri wa kawaida. Jingine lilifundishwa, likapigiwa simu, likahimizwa kula mboga mara tano na matunda mara tatu kila siku, na kunywa juisi ya mboga juu yake. Na watafiti hawakuridhika na maneno ya midomo, walichukua damu kuona kama kweli wanazila. Walikuwa wanazila. Taarifa ilitoka 2007, baada ya kuwafuatilia kwa zaidi ya miaka saba: kwa asilimia 16.7 ya wala mboga nyingi saratani ilirudi, au walipata nyingine mpya ya matiti. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 16.9.

Hilo nalo lisomeni kwa jicho la haki. Lilihusu wanawake waliokwisha kuugua, na wale wa kundi la pili hawakuwa watu wa kula chipsi tupu, walikuwa tayari wakila mboga kiasi cha kutosha. Jaribio hilo linajibu swali moja vizuri sana. Linatuambia kwamba, kwa mwanamke wa namna hiyo, kuzidisha mboga juu ya zile anazokula hakuongezi kinga. Halisemi lolote kuhusu mtoto wa miaka kumi na miwili asiyeijua bilinganya.

Msidhani mambo haya ni ya Ulaya na Marekani tu. Ukanda wetu, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini, unajulikana kwa saratani ya umio, ule mrija unaopeleka chakula tumboni. Mojawapo ya vinavyoshukiwa ni chai ya moto mno. Sasa ukimwuliza mtu wa Kilimanjaro, “Chai yako ni ya moto?” atakwambia ya kawaida, kwa kuwa kwake kawaida ndiyo hiyo. Watafiti walioijua kasoro hiyo walichukua kipimajoto, wakakiingiza kwenye chai wakati mnywaji anapiga funda la kwanza. Wengi walikuwa wakinywa chai iliyopita nyuzi 65, na ni vinywaji vya kuzidi kiwango hicho ambavyo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2016, liliviweka kwenye orodha ya vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani. Kipimajoto cha bei ndogo kilijua kuliko fomu ya kurasa thelathini. Hata hivyo kipimajoto kinatuambia chai ilivyo leo, si ilivyokuwa miaka ishirini iliyopita, wala hakituambii nani atakayeugua. Kwa hilo bado inabidi kuuliza.

Kabla sijamaliza, kuna kisa kimoja cha kuchekesha. Mwaka 2013 watafiti wawili, Jonathan Schoenfeld na John Ioannidis, walifungua kitabu cha mapishi cha Kimarekani, wakachagua ovyoovyo vitu 50 vya jikoni: maziwa, mayai, vitunguu, chumvi, unga, karoti. Kisha wakatafuta iwapo kuna aliyewahi kuandika kwamba kitu hicho kinaleta au kinazuia saratani. Kwa vitu 40 kati ya 50, yupo. Baadhi yavyo vilikuwa na tafiti zinazosema kinaleta na nyingine zinazosema kinazuia, chakula kilekile. Na zile tafiti ndogo zilizosema maneno makubwa ziliposhonwa pamoja na nyingine, makubwa hayo mara nyingi yaliyeyuka. Kwa hiyo kesho ukisoma mahali kwamba bamia inatibu saratani, jua kwamba kuna uwezekano mkubwa utafiti upo kweli. Swali ni nani aliulizwa, aliulizwa kabla au baada ya kuugua, na kama kura ilipigwa.

Sasa mboga tule au tusile? Tuleni, jamani! Walaji wa mboga waliofuatiliwa kwa miaka mingi wameonekana kuwa na magonjwa pungufu ya moyo na mishipa ya damu, na ushahidi huo umesimama vizuri kuliko ule wa saratani. Mchicha una madini ya chuma, kisamvu ni kitamu kikiungwa nazi, na viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina hiyohiyo betakarotini kwa kiasi ambacho mwili unajua la kufanya nacho. Anayewauzia ninyi au mama zenu vidonge vya “nguvu ya mboga” kwenye kituo cha basi, akisema vinazuia saratani, mwambieni habari za Ufini.

Na wasichana, chanjo ya kirusi cha HPV ikifika shuleni kwenu, nyoosheni mikono. Kirusi hicho ndicho chanzo cha saratani ya shingo ya kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na chanjo yake ilipita kwenye majaribio ya kura na kushinda.

Kama nyumbani kuna anayevuta sigara, basi msimpelekee karoti mkidhani mmemlinda. Mwombeni aache sigara, na msichoke kumwomba.